Rangi ya Shavu la Mama Yako

Tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia huko uliko, na kama hujaniamkia, niamkie sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika na la kushoto linalisikiliza. Pasi zangu bado mbili, moja inapata moto, nyingine inanidanganya.

Anayeandika ni Fundi Saa wa mlango wa pili, kama kawaida. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asininyooshee maneno, vya kunyoosha ni mashati. Na usianze tena habari ya simu. Kwenye simu mtu anakujibu kabla hujamaliza kufikiri.

Nina haja moja. Nataka kukununulia zawadi ya kazi yako ya kuchora kwa zile chaki. Usiniambie "Bibi usijisumbue", nimeshajisumbua, nimekwenda hadi duka la vifaa vya shule na yule muuzaji amenitazama kama nimekuja kuomba maji. Niambie mchoraji wa chaki anahitaji nini. Chaki zenyewe zinaitwaje, karatasi gani, inafunikwa na nini. Niambie kwa jina na kwa sura, maana majina nitayasahau njiani lakini sura sisahau.

Tena niambie jambo jingine. Hiyo chaki ikishakaa kwenye karatasi, imeshika? Tuseme mtu amegusa, bahati mbaya tu, kuna dawa yake? Nauliza kwa sababu mtu akinunua kitu ajue kinavyofanya kazi. Sina sababu nyingine.

Picha ya mama yako ilifika mwezi uliopita, katikati ya mbao zake mbili, kama ulivyoifunga. Ipo.

Kula vizuri. Ile picha uliyopigwa na wenzako umekuwa shingo tupu.

Bibi yako
(dole gumba, wino wa bluu)


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Bibi,

Na Fundi naye shikamoo, najua ndiye wa kwanza kuisoma hii.

Nimecheka barua yako mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kusoma. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kabla ya kununua. Wote hununua kwanza. Kila anayempenda mchoraji wa pasteli (ndilo jina la hizo chaki) humletea sanduku kubwa la rangi mia moja, linapendeza likifunguliwa, na ndani yake kuna zambarau sita. Zambarau zangu zipo tangu nianze kazi, nzima na ncha zake. Kahawia ndizo zinazokwisha. Ukifungua droo yangu ya kahawia utakuta punje, nazishika kwa kucha.

Kwa hiyo kama unataka kunifurahisha, nunua kahawia mojamoja, na nyeupe ya maziwa. Lakini ziwe kavu. Kuna za mafuta, zinafanana, zinanata kama mshumaa, hizo usinunue. Paka kidogo mkononi: kavu itaacha unga, ya mafuta itaacha alama ya kung'ang'ania. Karatasi iwe yenye meno, pitisha ukucha, isikike kama msasa mlaini. Ikiwa laini kama ya daftari, pasteli itateleza. Na ile karatasi nyembamba ya kung'aa, ukiikunja inalia, ndiyo ya kufunikia picha. Aproni ninayo. Dawa ya kupuliza ili rangi ishike sitaki, inazitia rangi huzuni.

Umeuliza kama inashika. Haishiki, Bibi. Imekaa tu, kama unga juu ya kibao cha kusukumia. Ukipitisha kidole imeondoka. Dawa hakuna, ila kuchora upya.

Kwa hiyo ile ya Mama isiguswe wala isipanguswe mpaka itiwe kioo. Nilipaswa kukuandikia hili siku niliyoituma. Nilidhani ningekuja mwenyewe haraka.

Na nina habari. Tunafanya maonyesho mwisho wa Aprili, mimi na wenzangu watatu. Mwenye ukumbi aliiona picha ya Mama kwenye simu yangu na ameikataa kila nyingine niliyompa iwe ya kwanza ukutani. Anataka ile. Atachapa kadi ya kuweka chini yake: "Mama, amechorwa akiwa hai, dirishani mwa wodi." Nitapita kuichukua tarehe 20 Aprili. Nitakurudishia, sikuibii.

Mjukuu wako


Tarehe 17 Machi

Mke mwenzangu,

Barua yako imesomwa mara tatu. Mara ya tatu Fundi alisema koo limekauka, nikampa chai, akasoma.

Nimekwenda tena dukani. Safari hii si la vifaa vya shule, ni lile la juu, ngazi kumi na sita, nimezihesabu kwa goti. Muuzaji ni kijana wa kike mwenye miwani, ana adabu. Ana kahawia kumi na nne. Nikamwambia, sitaki kumi na nne, nataka ya shavu. Akasema, "Shavu la nani, Bibi?" Nikasema, la mwanangu. Akaniambia nimlete. Nikamwambia haji. Basi akazitoa zote na kuzipanga juu ya kaunta, mimi nikawa nachagua kama anayechagua mchele. Kuna moja imeiva kama chai ya jioni, moja ina wekundu kwa ndani, moja nimeikataa kwa sababu ni rangi ya kiatu. Nimechukua tisa. Nimepaka kila moja mkononi kama ulivyosema, nimerudi nyumbani na mkono kama chui.

Karatasi nayo nimeipigia ukucha. Inasikika msasa. Ya kung'aa inalia kweli, kama mtoto mwenye deko.

Zile za mafuta ninazo tayari sanduku moja, nilizinunua siku ile ya kwanza kwa ujinga. Zimekaa. Usiulize.

Sasa uniambie. Kwenye shavu la mama yako ulianza na ipi, ikafuata ipi? Ulipaka kwa kidole au kwa ubavu wa chaki? Pale chini ya jicho palikuwa na kitu kama bluu, ulitumia nini? Nataka nijue kama nimenunua sawasawa.

Na niambie tena zile siku mbili ulizokaa naye. Uliniandikia zamani, lakini ile barua imechakaa kwa kukunjwa. Alikaa vipi hapo dirishani? Mtandio alikuwa ameufunga, au alikuachia masikio uyaone?

Picha ipo. Tarehe ishirini si mbali, lakini nasikia barabara ni mbovu. Unaweza kuja baadaye, hata baada ya maonyesho.

Bibi yako
(dole gumba)


Tarehe 25 Machi

Shikamoo Bibi,

Barabara ni ileile. Nitakuja tarehe 20.

Kahawia tisa. Sijui niseme nini. Nilipomwambia mwenzangu alitaka kujua kama unaweza kuasili mjukuu mwingine.

Zile siku mbili, Bibi, hakuna mengi. Alikaa tu. Mwanga ulikuwa mzuri. Kuhusu mtandio sikumbuki vizuri, nilikuwa naangalia kazi.

Kuna kitu kimoja nimekirudia usiku na mchana. Dole lako kwenye barua hii ya mwisho si la wino. Ni unga. Nimelinusa, nimeliweka karibu na dirisha. Ni kahawia yenye wekundu, na juu yake kuna kijivu kidogo kinachokwenda bluu. Mchanganyiko huo haupo kwenye chaki yoyote ya dukani. Niliutengeneza mimi, kwa ajili ya mahali pamoja tu.

Bibi, umeigusa picha?

Mjukuu wako


Tarehe 2 Aprili

Mke mwenzangu,

Nimeigusa.

Fundi amenishauri niseme imepata hitilafu. Nimemwambia hitilafu hupata saa. Andika: nimeifuta. Ameweka kalamu chini mara mbili na mara mbili nimemwambia aishike.

Ilifika Jumatano. Nilifungua mbao, nikaondoa ile karatasi inayolia, nikamwona. Nikamwambia karibu mwanangu. Nikamsimamisha juu ya meza ya kupigia pasi, mahali alipokuwa akisimama mwenyewe kunikunjia soksi. Ulimchora vizuri. Paji lake, mdomo wake ule wa kutaka kujibu. Nikatazama sikio la kushoto.

Sikio la kushoto lilikuwa zima.

Wewe unalijua lile sikio. Umelala mgongoni kwake ukilishika, ulikuwa husinzii bila kulishika. Lilipasuka chini, pande mbili kama ulimi wa nyoka, ndiyo maana mtandio wake siku zote uliegemea kushoto. Wewe ulipokuwa mdogo alikuambia alizaliwa nalo. Hakuzaliwa nalo. Nililipasua mimi. Alikuwa na miaka tisa, ameunguza shati la mteja, jeupe, la harusi. Nikamvuta sikio na hereni ikiwa ndani. Sikumvuta kwa kumkanya. Nilimvuta kwa hasira za shati. Alilia kidogo tu, kisha akaniuliza kama shati litapona. Tangu siku hiyo hakuwahi kunitaja kwa mtu, na mimi sikuwahi kumwambia samahani. Nilimpikia, nilimfulia, nilimlelea wewe. Samahani sikuisema. Nilikuwa nangoja apone arudi kutoka huko hospitalini.

Basi nikasema, mtoto huyu alikaa naye siku mbili anamtazama uso kwa uso, haiwezekani asilione. Limo, ila limefunikwa na vumbi. Maana lilikuwapo vumbi, limekaa juu ya uso wote, na mimi maisha yangu yote nikiona vumbi mkono unakwenda wenyewe. Nikachukua kitambaa cha kunyunyizia mashati, kina unyevu kidogo tu. Nikafuta sikio taratibu, natafuta ule mpasuko. Sikio likaja kwenye kitambaa. Nikashtuka, nikataka kurudisha, nikapitisha kwenye shavu. Shavu likaja. Nikatumia kidole. Jicho likaja.

Kesho yake nikanunua zile za mafuta, nikajaribu kumrudishia uso. Usiniulize anafanana na nini sasa. Nimemgeuza ukutani, nyuma ya kabati, kama aliyetiwa adabu. Hiyo mara ya pili namwadhibu.

Siku ile ya barua iliyopita nilimtoa nimlinganishe na chaki mpya, ndipo dole likachafuka. Fundi aliniambia ninawe kabla ya kupiga dole, nikamjibu nimenawa.

Nilidhani nikikununulia vyote utachora mwingine kwa furaha na hutauliza wa kwanza yuko wapi. Ndiyo zawadi yangu hiyo. Sasa unaijua.

Ulikuwa naye siku zile mbili ambazo mimi sikuwa naye, ukamweka kwenye karatasi ili na mimi nimwone, na nimekufutia. Ukitaka kunigombeza nigombeze, nitakaa nisikilize mpaka mwisho. Hilo sijawahi kumwahidi mtu.

Bibi yako
(dole gumba, wino. Fundi amenisugua mwenyewe kwa sabuni)


Tarehe 16 Aprili

Mke mwenzangu,

Umekaa kimya wiki mbili. Fundi anasema posta. Fundi ni mtu mzuri lakini hajui kudanganya.

Nigombeze kwa maandishi basi. Kimya chako kinanipiga vibaya kuliko maneno.

Bibi
(dole gumba)


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Bibi,

Fundi, nakuomba uisome yote. Usiruke, hata pale atakapokuambia acha.

Bibi, kitambaa chako hakikufuta uso wa Mama. Kilifuta wangu.

Siku mbili hazikuwapo. Nilifika wodini siku ya kwanza mchana, nikakaa dakika kumi. Alikuwa amekonda, mto ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Akaniuliza, "Hukuja na chaki zako?" Alitaka nimchore. Alikuwa ameshamwomba muuguzi amsogezee kitanda karibu na dirisha, kwa ajili yangu. Nikasema, kesho Mama. Nikarudi kazini kumalizia picha ya mbwa. Mbwa mweupe mwenye utepe shingoni, mwenye mbwa alikuwa anaitaka picha Ijumaa. Kesho yake asubuhi nikajiambia namaliza pua tu, pua ya mbwa ina mng'ao mgumu kuupata. Nilikuwa naogopa kurudi kule, ndiyo kweli yake, na ile pua ilinipa pa kujificha. Nilipofika jioni kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Wewe ukaniandikia: angalau ulikuwa naye. Sikukukatalia. Kisha ukauliza mlizungumza nini, nikatunga. Ukauliza alikaa vipi, nikatunga dirisha. Miezi minane baadaye nikaona hadithi yangu inahitaji picha. Nikasimamisha kioo mezani, nikajichora mwenyewe, nikajiongezea miaka na mdomo wake. Masikio yote mawili ni yangu. Nililishika lile sikio kila siku ya utoto wangu, Bibi, na nilipokaa kuchora sikulikumbuka. Wewe ulilitafuta kwa kitambaa kwa sababu uliniamini.

Ile kadi mwenye ukumbi ameshaichapa. Nimemwambia asiibandike, picha haipo. Maonyesho yataanza bila yake; ameniachia ukuta mtupu hadi mwezi ujao, baada ya hapo atampa mwingine. Sijui niweke nini. Kesho ni tarehe 20. Sitakuja kama hujaniita.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Aprili

Mke mwenzangu,

Mbwa alitoka vizuri? Nauliza kweli. Kama mwanangu aliachwa kwa ajili ya pua ya mbwa, basi pua hiyo na iwe nzuri.

Nilikasirika. Siku tatu nilimkataza Fundi kuisoma mara ya pili. Nilipiga pasi kwa hasira mpaka nikaunguza shati, jeupe, la kwanza tangu lile. Nikasimama nalo mkononi natafuta sikio la kuvuta. Chumbani hapakuwa na sikio jingine ila langu.

Ndipo nikakaa chini. Na mimi siku zile mbili nilikuwa wapi? Nilisema goti. Basi linaondoka hapa kila asubuhi na lina viti. Nilikuwa na mashuka arobaini ya nyumba ya wageni, nikasema nitakwenda nikiyamaliza. Nikakutuma wewe ukakae mahali pangu, nawe kwangu ni mtoto, kisha nikawa najipooza kwa hadithi yako kila ninapoweka kichwa. Uliponiongezea dirisha nilifurahi. Sikuuliza sana. Nadhani nilijua nikiuliza sana litaanguka.

Tulimwacha wawili, mke mwenzangu. Wewe peke yako usijibebeshe.

Sasa nisikilize. Njoo. Usilete kitu, kila kitu kipo hapa. Kahawia tisa, nyeupe mbili, karatasi yenye meno nimeifunga kwa shuka isipate mvuke. Meza ya pasi nimeisogeza dirishani, pana mwanga mpaka saa kumi. Kioo chako kiache hukohuko. Nitakaa mbele yako na nitakuambia yeye, kipande kwa kipande, na nikikosea nitarudia. Sikio nitakuonyesha kwenye langu, nitalibana kwa kucha pale pale lilipopasukia. Utalichora limepasuka. Lisifunikwe na mtandio, watu waone, na wakiuliza nani alifanya hivyo, uwaambie ni mimi.

Kile kitambaa kipo msumarini. Tangu nianze kazi hii hakijawahi kulala kitambaa kichafu nyumbani mwangu, lakini hiki sijakifua. Kina uso wako. Utaamua mwenyewe.

Na ile kadi, mwambie mwenye ukumbi achape nyingine. Asiandike alichorwa akiwa hai. Aandike: alichorwa mbele ya mama yake.

Fundi anasema hayo ni maneno mengi kwa kadi. Nimemwambia anunue kadi kubwa.

Bibi yako
(dole gumba, kahawia yenye wekundu. Nimeipaka kwa makusudi)